Kwa Binti Yetu Aliyepiga Hodi Akasubiri

Ni mwaka mmoja sasa, mwanangu, tangu nilipousikia kwa mara ya mwisho mlio wa kifuniko cha chupa yako ya chai. Kililia kama kifaranga kila ulipokikaza, nawe ulikikaza kabla hakujapambazuka, ukipapasa gizani jikoni ili taa isituamshe. Asubuhi ile nilikisikia. Magoti yalikuwa yananiuma, nikajisemea nitakuona jioni, nikageukia ukutani.

Jioni tuliletewa viatu vyako ndani ya mfuko.

Wanaosoma hapa na hawakukufahamu, wajue ulikuwa mlezi katika kituo cha watoto waliookolewa kutoka vifungoni, watoto waliokulia nyuma ya mlango uliofungwa na mtu mzima. Watu walikuambia kazi yako ni ngumu. Ulijibu, "Ngumu ni ya mpishi. Mimi nakaa tu." Hukuwa ukisema uongo. Sehemu kubwa ya kazi yako ilikuwa kukaa.

Wale dada wawili waliletwa kituoni miaka mitatu iliyopita. Majina yao hatuyaandiki. Wameshatazamwa vya kutosha. Mkubwa tulimwita Maswali. Mdogo mpishi alimpa jina la Kinyonga, kwa sababu alipiga hatua moja akarudisha nusu, kama mtu asiyeiamini sakafu. Walikuwa wamelelewa katika stoo isiyo na dirisha nyuma ya nyumba ya mtu, pamoja na mama yao, mpaka mama yao alipofariki humo humo. Msoma mita za maji ndiye aliyesikia kikombe kikigongwa ukutani. Mwenye nyumba alimfukuza, naye akasimama barabarani hadi polisi walipofika. Bado namwombea mtu yule, ingawa sura yake siijui.

Ni wewe uliyetuambia jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Watoto wale hawakuwahi kupigiwa hodi. Mlango wao ulifunguliwa kwa nje, saa yoyote, na aliyeingia hakuuliza. Basi siku ya kwanza ulichukua kigoda, ukakaa koridoni, ukasema "Hodi," ukanyamaza. Hakuna aliyejibu. Mpishi aliacha sahani kizingitini akaondoka, nawe ukaendelea kukaa. Kesho yake vilevile.

Mpishi alikucheka. "Dada, hodi gani hiyo ya kutwa nzima? Umekuja kuposa?"

"Wakinikataa leo, kesho nakuja na wewe uwe mshenga," ukamwambia.

Siku ya kumi na saba mkubwa alijibu. Hakusema karibu, maana hilo hakuwa amefundishwa. Alisema, "Nani?" Ulirudi nyumbani ukala mpaka ukalegeza mkanda, ukituelezea neno hilo moja kana kwamba lilikuwa hotuba.

Baada ya hapo ulituletea hadithi zao kila jioni. Jua liliwaumiza macho, ukawashonea kofia zenye ukingo mpana kutoka kwenye pazia letu la zamani. Ngazi hawakuzijua, wakashuka kwa makalio, na wewe ukashuka kwa makalio pamoja nao, mbele ya wageni. Mkate waliuficha chini ya godoro. Hukuwakemea. Ulimwomba mpishi awe anaacha vipande viwili juu ya meza yao kila usiku, na baada ya miezi kadhaa wakaacha kuficha. Mpishi huyo hulalamika kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini mkate ule hakuusahau hata siku moja.

Maswali alikuuliza mvua inazimiwa wapi. Alisema kule stoo walipoisikia juu ya bati walidhani ni watu wanamwaga kokoto. Siku nyingine alimwona mlinzi akija kutoka mbali barabarani, akakushika mkono. "Mbona yule mtu ni mdogo hivyo?" Mlinzi alipofika getini akasema, "Amekua haraka. Amekula nini?" Mlinzi hadi leo akichelewa kazini husema alikuwa bado anakua.

Kwa Kinyonga mambo yalikwenda polepole zaidi. Ulimwonyesha magauni mawili ukamwambia achague, akalia kwa woga mpaka akajikojolea. Kule alikotoka, kuulizwa unataka nini kulikuwa mtego. Ukayaweka magauni kando. Ukaanza kumwuliza mambo ya kipuuzi. Nikutilie chumvi kwenye chai? Nikuvalishe sufuria kichwani? Nimwite mlinzi aje alale kitandani kwako? Ulimwuliza hivyo wiki nyingi, mpaka asubuhi moja akasema kwa sauti ndogo, "Hapana." Ukamshukuru.

Kisha ikaja siku uliyompigia simu mumeo akiwa safarini na lori lake, ukipiga kelele hadi nikatoka chumbani. "Leo nimepiga hodi, ameniambia subiri!"

"Ndiyo unashangilia?" mumeo akakuuliza. "Mimi wenye mizigo hunisubirisha kila siku na hakuna anayenipongeza."

Ulicheka, kisha ukawa makini. "Mtoto aliyefungiwa hajawahi kumsubirisha mtu. Leo amejua mlango ni wake."

Nayakumbuka maneno hayo kuliko yote uliyowahi kusema, mwanangu, na sasa hivi ndiyo yanayonichoma.

Ulifariki ukiwa umekaa kwenye kigoda kile, koridoni, nje ya mlango wao, asubuhi. Daktari alituambia ni mshipa wa kichwa, kwamba ulipasuka ghafla, na kwamba hata ungekuwa hospitalini pengine usingepona. Kichwa chako kilikuwa kimeegemea ukuta. Mpishi alipokuja na sahani alimkuta Kinyonga ameketi chini miguuni pako, anakuambia karibu. Alikuwa amekuambia mara nyingi. Sauti ilikuwa imeshamkauka.

Tangu siku ile hakusema neno. Alikuwa ameshafika hadi getini na wewe, akagusa komeo kwa mkono wake. Baada yako akarudi chumbani na hakutoka tena. Alikula tu pale asipotazamwa, kidogo, kama ndege.

Na mimi nikaongeza kosa juu ya msiba. Nilikwenda kituoni mwezi wa pili baada ya kukuzika, kuwafariji. Nikafika koridoni, nikasikia kilio cha chini chini humo ndani, na moyo ukanipasuka. Nikasukuma mlango nikaingia. Sikupiga hodi. Nimelelewa hivyo, kwamba mtu mzima hapigi hodi chumba cha mtoto, na wewe pia nilikulea hivyo. Kinyonga aliingia chini ya kitanda. Kwa siku nne hakugusa chakula, ikabidi aletewe muuguzi wa kumtundikia maji. Yote uliyoyajenga kwa miaka miwili, mama yako aliyabomoa kwa kiganja kimoja.

Usiku ule nilikumbuka ulipokuwa na miaka kumi na minne, ulivyokuwa unasogeza sanduku la nguo nyuma ya mlango wako. Nilikuita mwenye kiburi. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaniomba nibishe hodi tu.

Mkuu wa kituo hakunifukuza, ingawa alikuwa na haki. Alinitolea kigoda chako mwenyewe. Basi nikaanza. Kila asubuhi nafika, nasema hodi, nakaa. Sijibiwi. Saa sita naaga, naondoka. Mlinzi huniletea mto wa kukalia, akijifanya ameuokota tu. Mumeo asipokuwa safarini hunisindikiza. Hufagia korido iliyokwisha kufagiwa. Nyumbani anabisha hodi kwenye mlango wa bafu hata akijua hakuna mtu ndani, kisha anasimama kidogo.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakunja mashuka na Maswali. Siku hizi anakwenda shule, amekuwa mrefu, na maswali yake yamehamia kwenye hesabu na wavulana. Lakini siku ile aliuliza la aina nyingine.

"Bibi, mtu akiambiwa asubiri, anaweza kufa kwa kusubiri?"

Nikadhani ananisema mimi na kigoda changu. Nikacheka. "Kwa kusubiri? Ningekuwa nimezikwa zamani."

Hakucheka. "Mdogo wangu alimwambia subiri. Siku ile. Alikuwa anavaa soksi. Alitaka azivae mwenyewe zote mbili, amwonyeshe."

Shuka lilinidondoka. Mwaka karibu mzima, mwanangu, tumemleta daktari, tumeleta vichezeo, tumesema mtoto ana majonzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba anajiona ana hatia. Neno ulilomfundisha ndilo analodhani limekuua. Amelifunga mdomoni pamoja na maneno mengine yote, asije akaua mwingine.

Nilikwenda mlangoni. Nikapiga hodi. Nikamwambia habari ya mshipa, nikamwambia daktari alivyosema, kwamba hata angefungua mbio bila soksi hata moja, ungekufa vilevile. Nikamwambia kwamba asubuhi ile nilikusikia ukitoka na sikuamka kukuaga, na kwamba mimi pia nimejilaumu hivyo hivyo, na hakuna mmoja wetu aliyekuua. Kimya. Nimerudia kila siku kwa siku ishirini na moja. Nimebadilisha maneno, nimepunguza, nimeongeza. Wewe ungejua la kusema. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, na hata huko sikufundishwa hili.

Nami muda sina tena. Afisa ustawi wa jamii anayesimamia watoto wale ameshaamua. Sitaki asomwe vibaya hapa, ni mtu mwema. Huvua viatu akifika kwenye korido ile ili visitoe mlio, na ameahirisha mara mbili kwa ajili yangu. Lakini mtoto anakonda, na karatasi zake zinasema asipoanza kula na kuzungumza apelekwe kwenye wodi ya wagonjwa wa akili kule mjini. Jumatatu anakuja na gari. Niliuliza kuhusu wodi hiyo. Nikaambiwa manesi ni wapole, chakula ni kizuri, na dada yake hataruhusiwa kukaa naye. Kisha nikauliza kuhusu milango. Afisa alitazama soksi zake. Akasema, "Inafungwa kwa nje, Mama. Kwa usalama wao."

Nilimpigia magoti, mwanangu. Yananiuma, unayajua. Aliniinua kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuahidi kitu.

Kwa hiyo tangazo hili tunaliandika siku ya kumbukumbu yako, na pia kwa sababu sijui niandike wapi pengine. Ndugu walinishauri niweke maneno mafupi, pumzika kwa amani, basi. Sina uhakika kama unapumzika. Ningekuwa wewe nisingepumzika.

Wanaokukumbuka ni mama yako. Mumeo, ambaye picha yako ameibandika juu ya kioo cha lori upande wake. Kaka yako fundi cherehani na mkewe. Shangazi yako aliyekuja msibani kwa siku tatu akakaa miezi mitano, akatupikia sote bila kuulizwa. Mpishi, mlinzi, na walezi wenzako wote. Maswali, ambaye ameomba aandikwe kama binti yako, nasi tumekubali. Hutatoka vinywani mwetu wala mioyoni mwetu, leo na siku zote tulizobakiza.

Jana nilikuwa na orodha hii mkononi nikiwa kwenye kigoda. Nikaisoma kwa sauti mlangoni, jina kwa jina, ili nione kama nimesahau mtu. Nilipomaliza, nikasema, "Naandika watu wanaomkumbuka. Wewe sijakuandika, kwa sababu sijakuuliza. Nikuandike?"

Sikutarajia kitu. Nilikaa. Mlinzi alipunguza redio yake kule getini. Nilisikia miguu kwenye sakafu, hatua moja ikirudi nusu, hatua moja ikirudi nusu, mpaka ikawa upande wa pili wa mbao, chini, karibu na mkono wangu.

"Niandike," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu mzee. Nilitaka kusukuma mlango, Mungu anajua nilivyotaka. Mkono niliukalia. Nikasema nitaandika, na kwamba sasa ni saa sita, naondoka.

Sijui kama neno moja litamtosha afisa Jumatatu. Sijui kama leo atakula. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika ukuta, aliposema tena.

"Bibi. Kesho uje tena. Uje mzima."