Keria ya Chuma

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na masikio hayajazidi pale yalipo. Juzi nilipiga simu, ukapokea, ukasema "wapi?", ukasema tena "wapi?", halafu ukakata ukidhani nauza vyombo. Basi nimerudi kwenye kalamu. Sisi hapa hatujambo, mama watoto anakusalimu sana.

Baba, nakuja. Nimepata likizo ndefu, naianza siku nitakayo, na nakuja kwa baiskeli, ile uliyonipa nilipoanza kazi. Nilimwahidi mama kwamba siku moja ataniona nafika nayo, akawa ananicheka, na kabla sijatimiza akatutoka. Hata mazishi sikuwahi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Sina haja kubwa, nataka tu nifike, utoe baiskeli yako, tupande mimi na wewe mpaka kule mlimani kwao, unionyeshe alipolala. Njia unaijua wewe, na gari haifiki.

Naondoka mwanzoni mwa Machi. Sasa hivi niko kwenye kufunga mizigo, na unanijua: mtu aliyezoea kutengeneza mizani hawezi kubeba kitu bila kukipima. Nimeleta nyumbani kutoka kazini ile kubwa ya sahani mbili, nimeiweka sebuleni. Hema, blanketi, jiko dogo, spana, nguo, vyote vinapita hapo. Mama watoto anasema kuna siku nitawapima wageni. Ungekuwa wewe, ungebeba nini?

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Bwana Gramu,

Marahaba, mwanangu. Barua imenifikia na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Masikio ni yaleyale. Mtu aliyegonga chuma maisha yake yote hawezi kudai masikio ya msichana.

Umenifurahisha mno, sikufichi. Tangu mama yako aondoke nyumba hii imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga. Siku niliyopata barua nimeishusha baiskeli yangu ukutani, nimeifuta vumbi, nimetia mafuta mnyororo. Jirani yangu muuguzi kapita akaniuliza huku akicheka, mzee, safari ya wapi? Nikamwambia mwanangu anakuja, tunakwenda kumsalimia mke wangu. Akaacha kucheka.

Unaniuliza ningebeba nini. Pampu, viraka na gundi yake, spana ya nati za magurudumu, shati la kubadilisha, chupa ya maji. Basi. Hema la nini? Njiani hakuna watu? Ukifika mahali jua limezama, piga hodi, sema mimi ni mtoto wa fulani, sina pa kulala. Utalazwa.

Ila keria ya nyuma usiiguse. Najua ni nzito, niliichomelea mimi. Iache.

Nimenunua viatu vipya kwa ajili ya mlima, vimenichubua kidole. Si kitu.

Baba yako


Tarehe 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na kidole. Paka mafuta, vua hivyo viatu, vaa vile vya zamani.

Najua ulikuwa unanitazamia wiki hii. Baba, nisamehe, mzigo haujakaa sawa. Mkoba wa kulia unazidi wa kushoto, na baiskeli ikivuta upande mmoja siku nzima mtu anamaliza mgongo. Nikitoa jiko kulia, kushoto kunazidi. Nikihamisha spana, kulia kunarudi palepale. Nimenunua hema jepesi zaidi, lakini vigingi vyake ni vya ovyo, nimeagiza vingine.

Sasa usinikasirikie. Nimeikata keria. Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshapanga na mchomeleaji, nikajisemea, huyu mzee anaionea fahari kazi ya mikono yake. Lakini niliipima, baba! Keria peke yake ilikuwa nzito kuliko hema, blanketi na jiko kwa pamoja. Ningewezaje kupunguza vijiko huku nabeba chuma kile? Nimefunga nyingine nyembamba, mtoto anainyanyua kwa kidole. Ukiiona utakubali.

Baada ya wiki tatu tu, nipo njiani.

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kuhusu keria, sawa. Baiskeli ni yako, nilikupa. Nilikwambia usiiguse lakini sikukwambia sababu, kwa hiyo nusu ya lawama naibeba mimi.

Kidole bado kinanisumbua. Muuguzi ananifunga kidonda kila asubuhi na kunigombeza kuhusu sukari, chai nakunywa kavu, bila sukari, kama mfungwa. Baiskeli naipanda polepole mpaka sokoni na kurudi, nisije nikakuaibisha mlimani.

Nina neno moja, na usiseme baba kawa msumbufu. Njoo kwa basi. Hiyo baiskeli iache hapo, hapa nitakuazimia nyingine, tutapanda mlima siku ya pili yake. Mama yako hatakuuliza ulifikaje. Mimi pia sitakuuliza. Mvua zinakaribia, na ile njia ikilowa haipandiki.

Njoo tu, mwanangu.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai kidole kimepona.

Kwa basi hapana, baba. Nilimwahidi mama baiskeli, na ahadi ya marehemu siwezi kuichezea. Halafu nimekaribia sana sasa, ungeona mwenyewe! Mikoba imelingana. Sahani zote mbili zimetulia, mama watoto nimemwita ashuhudie, akasema hongera, sasa ondoka. Ila baada ya hapo nikakumbuka koti la mvua. Na mvua zenyewe umezitaja wewe. Nikiliweka kulia, kila kitu kinavurugika. Lile nililonalo ni la mpira, zito, nimemwachia fundi cherehani anishonee jepesi la kitambaa kisichopitisha maji.

Mvua zikikatika tu, nipo barabarani. Niwekee chai, hata kavu.

Mwanao


Tarehe 14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimeulizia posta, wanasema hakuna kitu changu. Simu nimepiga inaita tu. Nimejiambia labda hujaisikia, siku nyingine najiambia umenichoka, na ungekuwa na haki.

Koti limekwisha. Mzigo uko mlangoni, tayari. Nilitaka kuondoka Jumatatu, lakini naogopa kuondoka bila kupata neno lako, tusije tukapishana. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nimeegemea mito, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nilikuwa hospitali. Kidole kilioza, ukafuatia unyayo wote. Madaktari walijaribu, mwisho wakaukata mguu, chini kidogo ya goti. Muuguzi alitaka kukupigia simu, nikamkatalia. Nilisema mtoto yuko njiani, asishtuliwe akiwa juu ya baiskeli. Kila siku nilikuwa naangalia mlango wa wodi. Akiingia mtu mwenye vumbi, najiinua kitandani. Nimerudi nyumbani ndipo nikazikuta barua zako mbili chini ya mlango, nikajua kumbe ulikuwa hujatoka hata sebuleni.

Niliumia, mwanangu. Nakwambia wazi, maana nikikuficha itanigeuka. Mwezi wa tatu ningeupanda ule mlima. Mwezi wa nne ningeupanda kwa kuchechemea. Nilikuwa na mguu na hamu, nikakusubiri, vyote vikaniishia kitandani. Sikulaani, usifikirie hivyo hata kidogo. Lakini niliumia.

Sasa nikwambie habari ya keria. Siku tulipotoka kwao na mama yako, baada ya kukubaliwa, tulishuka ule mlima kwa baiskeli. Hakukuwa na gari, na mimi sikuwa na kitu. Keria ya dukani ilikatika tukiwa mteremkoni, akaanguka, akachubuka magoti, akacheka mpaka watu wakatoka majumbani kutazama. Nikamwapia hataanguka tena. Nikaichomelea ile, nene vile, kwa vyuma vya kitanda kibovu. Alikaa hapo miaka yote, mkono wake kiunoni kwangu, juu ya mto mdogo alioushona mwenyewe. Nilipokupa wewe baiskeli, yeye ndiye aliyesema uwekewe keria hiyo, nawe usiangushe mtu. Ningekuandikia haya tangu Februari, lakini mambo ya namna hii nilitaka kukusimulia tukiwa juu pale, mbele yake.

Baiskeli yangu nimempa muuguzi. Mimi nimepungua uzito bila hata mizani yako.

Sasa unisikilize. Kama bado unakuja, usibebe mikoba. Nyuma acha wazi. Mto wa mama yako ninao. Nataka unipakie mimi, unipandishe mlimani kama nilivyompakia yeye. Penye mwinuko mkali utashuka usukume, mimi nitakaa na kutoa amri. Lakini kwa hiyo keria yako ya kidole kimoja sikai, mguu uliobaki naupenda.

Baba yako


Tarehe 12 Julai

Baba,

Shikamoo. Pole, baba. Pole, pole. Nimeandika neno hilo kwenye karatasi nyingi na nimezichana zote, halitoshi.

Nilidhani najiandaa. Mama watoto aliniambia mapema kwamba naogopa kulikuta kaburi, na kwamba mtu akiogopa hakosi kitu cha kupima. Nilimnunia siku mbili. Nimemwomba radhi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaenda nayo moja kwa moja kwa mchomeleaji kuulizia keria. Haipo. Alikwisha kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu, wakaipakia pamoja na mabati na rimu, hajui ilikokwenda. Nimezunguka yadi zao zote nikipekua marundo mpaka mikono imechanika, na sikuiona. Nimeipoteza keria ya mama, baba.

Nikamwambia mchomeleaji anitengenezee nyingine. Akaniuliza, ilikuwaje? Nikachukua chaki nikachora sakafuni. Upana naukumbuka, na zile nguzo za chini. Lakini pale mbele, ulipoikunja ikashika fremu, sikumbuki uliikunjaje. Nimeipima ile keria mara ngapi, najua uzito wake mpaka leo, na sikuwahi kuitazama. Nimekaa chini pale karakanani nikalia, mchomeleaji akazima mashine akanisubiri.

Tumekisia. Ametumia chuma kinene, naye amesema, sijaona baiskeli inayobebeshwa chuma hivi, unakwenda kupakia ng'ombe? Nikamjibu ni baba yangu. Imekuwa nzito, sijui kiasi gani, mizani nimeirudisha kazini. Nimempakia mama watoto tukazunguka mtaa mzima, tukapita juu ya mawe makusudi. Haikutikisika. Kama mkunjo nimeukosea utanionyesha, na nitakuja na nafasi ya kusahihishwa.

Nimebeba pampu, viraka na gundi, spana, shati, chupa ya maji. Hema nimeliacha. Jua likizama nitapiga hodi, niseme mimi ni mtoto wa nani.

Barua hii naitia posta njiani, baiskeli imeegemea ukuta wa nje. Usiijibu, baba. Ukijibu, hakuna wa kupokea nyumbani.

Mwanao