Beseni la Mama na Tairi la Gari

Mbukwa, Baba.

Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hasemi shida zake kabla ya kusalimu, hata kama nguo inamuungua mwilini. Basi nimesalimu. Shikamoo pia. Sasa nisikilize, maana nimeshika kalamu kwa vidole vinavyonuka sabuni na mpira, na nimechoka mpaka nina hasira na wewe.

Nina hasira kwa sababu uliondoka Alhamisi, wakati tairi ulisema utalifunga Jumamosi. Ndiyo namna gani hiyo? Umeliacha kwenye msumari wa banda, umelipachika kijiti katikati ya midomo yake ili litanuke, kila kitu tayari, kisha unaingia bafuni kuoga na hutoki. Miezi hii yote nimelipita tairi hilo kila asubuhi nikienda Chimwaga kukaanga chapati za wanafunzi, na kila asubuhi nimeliangalia kana kwamba litaniambia uko wapi.

Unakumbuka watu walivyokucheka? Fundi mzima unafunga tairi la gari kwenye pikipiki. Vijana wa bodaboda pale Area D walikuwa wanainama kabisa kulitazama, wanashika magoti. Wewe ukawaambia pikipiki yao hulala kwenye kona, ndiyo maana tairi lake ni la mviringo, lakini hii yako ina kigari pembeni, hailali hata ukiisukuma. "Ya nini tairi la kulala kwa pikipiki isiyolala?" Matairi ya pikipiki yalikuwa yanaisha katikati kabla mvua hazijakatika, kwa sababu ya kuvuta Beseni, hicho kigari cha pembeni. Ukapata hayo mengine membamba, yale ya spea yanayokuja na magari madogo ya Japani, na tangu siku hiyo ukawa unatembea kifua mbele kama umegundua mafuta.

Beseni. Bado tunaliita hivyo. Ulilitengeneza kutoka kwenye bati la pipa mwaka ule kiharusi kilipochukua miguu ya Mama, ukalikatia mlango sawasawa na urefu wa kiti chake ili ateleze mwenyewe kutoka kitini hadi ndani, bila kushikwa na mtu. Mimi nilidhani mlango ule ni urembo. Sikuuelewa mpaka siku tuliyokuzika.

Siku hiyo hukuiona vizuri, kwa hiyo nikueleze. Jeneza limeshatoka, tunataka kuanza safari ya Makutupora kukuweka pembeni ya mizabibu yako, na mtani wako Hamisi, huyu huyu mziba pancha uliyekuwa unamtukana kila siku na kula naye kila siku, akapanda ndani ya Beseni. Akasema hatoki, marehemu alikuwa na deni lake la utani, apewe jogoo ndipo msafara uondoke. Wakapanda na watani wenzake wawili, mibaba mizima. Wanarukaruka, wanalia kilio cha uongo, wanakuita mchoyo hata jenezani. Watu wakaanza kucheka, Baba. Mama naye akacheka, machozi yakiwa bado yanatiririka. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kumkamata jogoo. Ndipo likasikika pu! Tairi lile la zamani, lililobaki nyuzi tupu, likapasuka.

Kicheko kikafa hapo hapo.

Ikabidi Mama abebwe kwenye basi dogo la kukodi. Wanaume wanne wakamnyanyua kama gunia la uwele, mmoja anavuta huku, mwingine huku, na kitenge kikamvuka mbele za watu, mbele za wakwe zake. Nilikirudisha haraka, lakini nani hakuona? Kaburini hakushuka. Tuliporudi nyumbani aliniambia kitu kimoja tu: "Sibebwi tena, Nyemo. Nitatoka kwa miguu aliyonitengenezea baba yako, au sitoki."

Na hakutoka. Amekataa bajaji, amekataa teksi, amekataa hata mchungaji alipokuja na gari la kanisa. Kliniki ya presha imempita. Kaka amepiga simu kutoka Mwanza, akasema niuze chuma hicho, nimnunulie Mama kiti kizuri zaidi. Nikamwambia aje amwambie Mama mwenyewe uso kwa uso. Hajaja. Anasema atakuja kesho, kwa sababu kesho ndiyo tunakuwekea msalaba, ukoo wote umeshaalikwa, na mimi nilimwahidi Mama kwamba atafika pale kwako kwa Beseni na kushuka kwa heshima yake. Niliahidi kabla sijalishika hilo tairi. Domo langu unalijua.

Basi leo sikwenda kazini. Hamisi alikuja mapema na pampu yake. Tangu siku ile ya jogoo hatanii tena, anaingia uani anasalimia kama mgeni. Nikamwambia yaliyopita yamepita, akainamia pampu yake. Tukalilaza tairi juani likalainika, tukapaka povu la sabuni ya kipande, tukakanyaga na kubandua kwa vile vyuma vyako mpaka likaingia kwenye rimu. Mpaka hapo nilikuwa najiona fundi. Tukajaza upepo. Upande wa kulia ukapanda vizuri. Wa kushoto ukagoma. Ule mstari wa ubavuni mwa tairi ulionionyesha, unaotakiwa uonekane sawa kuzunguka rimu yote, sehemu moja umezama ndani, upana wa kiganja hivi. Gurudumu likizunguka linachechemea.

Tukatoa upepo, tukapaka sabuni upya. Likagoma. Nikataka tuongeze upepo, Hamisi akaondoa mpira wa pampu kabisa, akasema tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki halilazimishwi, likipasuka litaondoka na vidole vyangu na hizo chapati nitakaangia nini. Tukakaa chini. Nililia, Baba, tena si kwa ajili yako. Nililia kwa sababu ya tairi.

Ndipo Hamisi akakumbuka ulivyokuwa unafanya, na mimi nikakumbuka naye. Ulikuwa unapunguza upepo ubaki nusu, unamwita Mama aingie ndani ya Beseni, halafu unazunguka uani polepole, raundi baada ya raundi, uzito wake ulisukume tairi lenyewe mpaka likae. "Tairi hili halikai kwa pampu," ulikuwa unasema, "linakaa kwa mke wangu." Na wewe ulivyokuwa unajivunia unene wake! Springi zinalala, Beseni linakaribia kugusa ardhi, wewe unaimba. Likishatoa ule mlio wake likapanda, Mama anapiga kofi moja juu ya bati na kusema, "Limeshiba." Kila mara. Hata kama alikuwa amenuna tangu asubuhi, hapo lazima aseme.

Nikaenda kumwita. Nilidhani atakataa. Akasukuma kiti chake mwenyewe hadi mlangoni mwa Beseni, akateleza ndani. Hakuna aliyemgusa. Hamisi akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa. Mimi nikawasha.

Tukazunguka. Kuku wanakimbia, vumbi linapanda, tunazunguka tu. Nikageuza upande wa pili. Nikapita kwenye kile kijitaro cha maji ya kufulia ili tutikisike. Hakuna mlio. Nikamwangalia Hamisi nione kama anajua nakosea wapi, nikaona haliangalii tairi. Anaangalia springi za Beseni. Zilikuwa zimesimama wima kama hamna mtu ndani.

Nikazima. Nikamtazama Mama, na nakuapia, Baba, ilikuwa kama sijamwona tangu uondoke. Kile kitenge chenye maua ya njano, kilichokuwa hakimtoshi kufunga fundo, kimemzunguka mara mbili. Mkono ulioshika bati ni mifupa na pete yako, na pete ameifunga uzi isidondoke. Mimi naishi naye nyumba moja! Kila siku namwachia chakula kimefunikwa, kila jioni nakuta sahani safi, nafurahi, namsimulia kila mtu kwamba Mama anakula vizuri. Nilijisifu hata kuku wetu wamenona msimu huu. Kumbe wamenona kwa ugali wake.

Nilitaka kumfokea, nikaona nitamfokea mtu aliyekwisha. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini kabisa: "Nimekuwa mwepesi, eti?" Hamisi akatoka nje ya ua. Akarudi amebeba mchanga kwenye viroba vya unga, akavipanga miguuni kwa Mama bila kumtazama, kimoja juu ya kingine, mpaka springi zikalala zilipokuwa zinalala zamani. Akavihesabu kwa macho, akauma mdomo. Mimi nikawasha tena.

Raundi ya kwanza tu, pu. Tairi likakaa. Mstari uko sawa pande zote, hata wewe usingepata kasoro. Nikasubiri lile kofi kwenye bati. Halikuja. Basi nikalipiga mimi, nikasema mimi, "Limeshiba."

Mama akaangalia viroba miguuni pake. "Limeshiba mchanga," akasema.

Baba, mimi tairi nimeliweza. Nimesaidiwa, lakini nimeliweza. Hili jingine siliwezi. Nimempikia mlenda na karanga mchana huu, nikakaa mbele yake kama askari, akala matonge mawili, la tatu akalishika mkononi mpaka likapoa. Nikamuuliza anataka nini, nimfuate chochote, hata zabibu za kwako kule. Akasema hana hamu, si kwamba anakataa, hamu tu haipo. Jumatatu nitampeleka kliniki kwa Beseni, watampima, watanipa vidonge. Lakini wewe na mimi tunajua kilichokuwa kinamjaza kilikuwa ni nini, na hakiuzwi dukani. Kama kuna namna ulikuwa unaifanya ili ale, kama kulikuwa na maneno, ungeniachia basi. Tairi ulinifundisha, Mama hukunifundisha.

Kesho tunakuja. Utatusikia kabla hatujafika, ekzosi bado ile ile. Ukimwona Mama anateleza kutoka mlangoni mwenyewe, kitenge kimefungwa vizuri, ujue hiyo ahadi moja nimeitimiza. Hamisi atakuja nyuma na jogoo wa siku ile. Amesema anakurudishia, deni lenu limekwisha, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatalia. Ukiona viroba ndani ya Beseni usishangae. Lazima nije navyo, bila hivyo linainuka kwenye kona, Mama peke yake halishikilii chini.

Lala salama huko kwenye mizabibu, Baba yangu. Nakuahidi hivi: kila Mama atakapoongezeka kidogo, nitachota mchanga kiasi hicho hicho nimwage. Siku viroba vitakapokuwa vitupu nitakuja mbio kukuambia, nitapiga honi tangu barabarani. Na ikiwa ni mchanga ndio utakaozidi kuongezeka, sitakuja kukuambia chochote. Utakuwa umeshamwona mwenyewe.

Mwanao,
Nyemo