Mafuta Yaliyoganda Kanisani

Jumapili, 21 Desemba 2003

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaandika neno jingine naapa kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo bibi amenikataza. Wewe mwenyewe uliniambia pale barabarani, gari la Nelu likiwa limeshawashwa: "Usinifiche kitu, Smaranda." Basi sifichi.

Sisi hatujambo. Kikohozi changu kimekwisha. Bibi magoti yanamuuma kwa sababu ya theluji, ila anakula vizuri. Wewe je, mgongo umepoa? Na huyo bibi Ernesta unayemlea, bado anakuita kila akigeuka kitandani?

Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Ignat, tumechinja nguruwe wa Krismasi. Mzee Toader alifika na visu vyake kukiwa bado giza, akanikuta nimesimama bandani namtazama mnyama wetu. "Ingia ndani wewe!" akanikemea. "Ukimwonea huruma hafi upesi, na mimi vidole vimeshaganda." Nikaingia nikaziba masikio.

Baadaye zikaja kazi zetu wanawake. Mwaka huu bibi amenipa kisu. Nimekata shahamu yote mimi, vipande vidogo vilivyolingana, maana vikipishana vingine huungua wakati vingine bado vibichi. Bibi akatia maji kidogo chini ya sufuria kubwa ili vipande vya kwanza visishike, tukawasha moto mdogo katika jiko la nje, nami nikakoroga kwa mwiko mrefu. Mwanzo mafuta yanakuwa na ukungu kama maziwa. Halafu maji yanakauka, sauti inabadilika, na mafuta yanaanza kung'aa mpaka unaona chini. Napenda sana hapo.

"Koroga, binti, koroga!" Mzee Toader alikuwa amekaa na glasi yake akinichekesha. "Mama yako huko Italia anakula mafuta ya zeituni. Akirudi ataomba mkate kwa lugha ya kuimba."

"Nyamaza, Toader, kula ini lako," bibi akamjibu.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile nililokatazwa. Wewe unajua kwamba machicha, vile vipande vya shahamu vilivyokwisha kutoa mafuta, yakishakuwa ya njano, bibi huipua sufuria, huiacha itulie, ndipo hunyunyiza kijiko cha maziwa ili yapate wekundu. Jana hakuipua. Alichukua kikombe kizima cha maziwa akakimimina kwenye mafuta yanayochemka. Yalifura, yakamwagikia motoni, na ulimi wa moto ukapanda hadi kwenye boriti. Mzee Toader alinivuta kwa shingo ya koti, akafunika kila kitu kwa gunia lililolowa theluji. Bibi aliungua mkono wa kushoto, si sana. Lakini mama, alikuwa amesimama na kikombe kitupu mkononi, akatuuliza, "Nani amemwaga maziwa?"

Mzee Toader akasema ni uzee tu. Ila hakumalizia glasi yake.

Mafuta mengine yamesalimika. Tumejaza chupa zote za mdomo mpana, moja nakutumia kwa Nelu akirudi Italia na gari lake, pamoja na machicha. Mbavu tumezikaanga tukazipanga katika chungu na kuzizamisha kwenye mafuta, na bibi amesema hakifunguliwi mpaka uje Pasaka. Utakuja, sivyo?

Mwanao akupendaye,
Smaranda


Padova, 11 Januari 2004

Mwanangu Smaranda,

Marahaba, marahaba sana. Mgongo wangu haujambo, na hata ungekuwa na jambo ningeusahau nikisoma barua yako. Umeandika vizuri, mwalimu wako nimpe mkono.

Mkono wa bibi upake mafuta yaleyale yakiwa baridi, na uufunge kwa kitambaa safi. Kuanzia sasa maziwa ni kazi yako, na moto ni kazi yako. Usimwambie kuwa ni amri yangu. Mwambie unataka kujifunza, atafurahi.

Chupa imefika nzima. Niliifungua jikoni bibi Ernesta akiwa amelala, nikapaka mafuta kwenye mkate, nikakata kitunguu. Kumbe pua yake haikulala. "Viorica, unakula nini huko peke yako?" Nikaona aibu, nikadhani atanisema. Akataka aonje. Akala vipande viwili, akalia, akasema mama yake alikuwa akipikia mafuta hayohayo wakati wa vita. Mimi siku zote namlisha kwa kijiko na anatema, na jana alilamba vidole. Nikamfuta kinywa. Namlisha mama wa watu mafuta ya mama yangu, na mama yangu mkono umeungua. Sijui nikueleze vipi ninavyojisikia.

Kuhusu Pasaka: karatasi zangu za ukaazi bado. Wakili anasema zipo mezani kwa mtu. Nikitoka Italia kabla hazijatoka, sirudi huku tena, na kazi imekwisha. Zikitoka, napanda gari la Nelu siku hiyohiyo. Niombee.

Mama yako


Jumapili, 8 Februari 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimepata alama ya juu katika hesabu. Natumaini nawe hujambo, na bibi Ernesta pia, maana kama hajambo yeye nawe unalala. Nakuombea karatasi kila siku.

Bibi mkono umepona. Ila kuna jambo jipya. Siku moja nilitoka shule nikasikia harufu tangu kwenye daraja. Nikaingia, nikakuta sufuria kubwa iko jikoni, chupa zote ziko wazi mezani, na bibi anakoroga.

"Bibi, unafanya nini?"

"Shahamu haijaiva. Na machicha yako wapi? Umeyala yote, mlafi wewe!"

Nilicheka, mama. Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa akitafuta kwa mwiko, chini kabisa ya sufuria, na hakukuwa na kitu. Mafuta matupu. Nikamsaidia kuyarudisha kwenye chupa, nikatia kijiko kwanza kwenye kila chupa isipasuke, kama alivyonifundisha. Keshokutwa yake akayayeyusha tena, na tena, na kila mara anatia maziwa. Sasa yana rangi ya kahawa na yanakwaruza kooni. Hata kile chungu chako amekiyeyusha. Nilizikuta mbavu kwenye sinia, uchi. Nimezizamisha upya, lakini hewa imeshaingia na sijui kama zitafika Pasaka.

Nilificha viberiti. Akaenda kuazima kwa jirani, bibi Aglaia, na bibi Aglaia akaja mpaka uani. "Mmechinja wa pili? Kila siku nasikia harufu. Wenye watu Italia mna raha!"

Daktari alipokuja zahanati nilimpeleka bibi. Alimuuliza ni mwaka gani, bibi akamwambia, "Kijana, hujui hata mwaka nawe unajiita daktari?" Watu wote wakacheka, naye pia. Kisha akaniuliza mimi, "Mtu mzima wa nyumba yenu ni nani?" Nikasema ni mama yangu. Akaangalia mlangoni, kama vile unakuja nyuma yetu. Ametupa dawa ya usingizi.

Niambie la kufanya. Nitalifanya vizuri.

Mwanao,
Smaranda


Jumapili, 14 Machi 2004

Mama,

Shikamoo. Nelu amepita mara nyingi na hana barua yako. Anasema ulikuwa hospitalini na bibi Ernesta na hakuweza kukuona. Natumaini anaendelea vizuri. Natumaini wewe pia. Nimeahidi kusema yote, kwa hiyo nasema na hili, ingawa mkono hautaki.

Jana ilikuwa Jumamosi ya marehemu, tunapowapelekea wafu wetu sadaka ya chakula kanisani. Bibi aliamka akiwa na akili zake zote, mama, kama zamani. Aliyataja majina yote bila kukosea, babu Ilie, baba yangu, na dada yake aliyefariki akiwa mtoto. Akasema hapiki mtu maharage ya sadaka isipokuwa yeye. Nilifurahi sana. Nikamwachia jiko, nikaenda kuchota maji na kulisha kuku. Niliporudi alikuwa ameshayaponda na kitunguu juu, chungu kimefungwa kwa kitambaa, na chupa ya mafuta ya alizeti, yale ya Kwaresima, ipo mezani. Sikufikiri kitu. Nyumba yetu sasa inanuka mafuta ya nguruwe mpaka kwenye mito, pua yangu haitofautishi tena.

Unajua kanisa letu lilivyo baridi mwezi wa tatu. Tuliweka chungu kwenye meza ndefu pamoja na vyungu vya wengine, mishumaa ikawashwa, na Padri akasoma majina kwa muda mrefu. Alipomaliza, wanawake wakafunua ili waanze kupakua. Juu ya maharage yetu kulikuwa na duara nyeupe, nene, imeganda hadi ukingoni.

Mafuta ya alizeti hayagandi. Hata mtoto anajua.

Bibi Aglaia aliingiza ncha ya kijiko, akainua. "Paraschiva," akamwambia bibi, na si kwa sauti ndogo, "marehemu wako siku hizi wanakula nguruwe Kwaresima?"

Mwingine akasema, "Mwache, mzee huyo."

"Mzee ndiyo, lakini sadaka ni ya wote! Anataka kutulisha dhambi sote mezani kwa Mungu?"

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. "Ni ya Ignat hii," akasema. "Bado mpya. Kuleni, binti zangu, Viorica ndiye aliyekata shahamu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Padri aliweka mkono begani kwa bibi na kusema Mungu anaangalia moyo, kisha akaenda kwenye vyungu vingine. Wakala vya wengine vyote. Chetu wakakisogeza mwisho wa meza, mtu akakifunika.

Tulitoka nacho. Bibi akaketi kwenye benchi karibu na kaburi la babu, akakifungua mapajani, akaanza kula kwa kijiko cha mbao. "Kwa nini hawakuonja?" akaniuliza. "Nimesahau chumvi?" Nikachukua kijiko kingine, nikala pamoja naye. Yalikuwa machungu na baridi, na mafuta yaligandia kwenye meno. Nikamwambia chumvi imetosha. Tulikula mpaka yakaisha, watu wakipita.

Je, nimetenda dhambi? Sijamuuliza Padri.

Smaranda wako


Padova, 28 Machi 2004

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe ukimya. Bibi Ernesta alianguka, nimelala kwenye kiti cha hospitali siku nyingi. Barua zako mbili nimezipata kwa pamoja, nikazisoma kwenye ngazi ili asinione.

Hujatenda dhambi. Ningekuwapo ningeleta kijiko cha tatu.

Nilikwenda kwa wakili, nikamwambia mama yangu anapotea. Alinisikiliza. Alisema pole. Alisema pia kwamba nikitoka leo, mpakani watanipiga muhuri wa kunizuia kurudi, na miaka nitakayokaa nje ya nchi hii hakuna wa kunirudishia. Kisha nani atalipia dawa zake, na shule yako? Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta namna ya kukuandikia ili isisomeke kwamba siwezi kuja Pasaka. Siipati. Siwezi, Smaranda.

Nimemwandikia Toader, mkewe atakuja kulala nanyi. Mafuta yote mpe achukue, na sufuria pia. Labda kiangazi. Nasema labda kwa sababu nawe umeniahidi ukweli.

Kula. Lala. Vaa soksi.

Mama yako


Jumapili ya Matawi, 4 Aprili 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako, na soksi nimevaa. Usilie kwenye ngazi, watu hupita. Mke wa Mzee Toader amekuja, anakoroma lakini ni mwema. Walichukua mafuta na sufuria kama ulivyosema, isipokuwa chupa moja ndogo ambayo bibi aliikumbatia, na hatukuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Tangu sufuria iondoke, bibi hatafuti tena machicha. Sasa anakutafuta wewe. Anasimama getini na kitambaa chake cha kanisani, akipita mtu anamuuliza kama gari la Nelu limefika. Bibi Aglaia alipita juzi, nikaogopa atasema neno, lakini alisimama tu naye kidogo, akamfunga kifungo cha juu cha koti, akaenda zake. Tangu Alhamisi bibi hakutaka kula. Anasema mwanawe yuko njiani, na mtu haanzi kula kabla msafiri hajaketi. Tumembembeleza kwa supu, kwa asali, kwa kila kitu. Hata dawa ametema.

Jana jioni sikuweza tena. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka kwa kina Toader, nikaja kwa njia ya barabarani, polepole kama mtu aliyechoka. Nikafika getini nikasema, "Mama, nimefika."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Umekonda," akasema. "Huko hawakupi chakula?"

Akanivuta ndani, akakata mkate, akafungua ile chupa ndogo akanipakia mwenyewe, nene, na chumvi juu. Akasubiri nile ndipo naye akala. Alikula vipande vitatu na supu yote. Mke wa Mzee Toader aligeukia dirishani. Bibi alikuwa anatabasamu, mama, na uso wake ulikuwa mzuri kama kwenye picha ya harusi yako. Nilifikiri nimepata dawa. Nilifikiri nitafanya hivi kila siku mpaka kiangazi, siyo kazi ngumu.

Halafu akafuta kisu, akanitazama, akaniuliza, "Viorica, umerudi moja kwa moja, au utaondoka tena?"

Nikamwambia naenda kuleta kuni. Leo asubuhi ameniuliza tena, na baada ya kanisa akaniuliza tena, akiwa ameshika tawi lake. Mimi nasema kuni, nasema maji, nasema kuku. Visingizio vinaniishia.

Nelu anaondoka Jumatano na anarudi Jumamosi, kwa hiyo tafadhali andika palepale akiwa amesimama, hata mstari mmoja. Nimjibu nini, mama?

Mwanao,
Smaranda