Ile Chachu Uliyonificha

Dada Tusajigwe,

Nilianza kukuandikia barua hii moyoni kwa hasira, tangu wiki tuliyokuzika. Jiko la nyumba ya wageni ya misheni hapa Mbeya nimeachiwa peke yangu. Memsabu alitaka jambo moja tu: saladi yako ya kabichi iwe vilevile, la sivyo nirudi kwetu Iringa.

Ulinifundisha mwenyewe. Kabichi mbichi ikatwe nyembamba kama uzi, kisha karoti, nanasi, mapea, krimu juu, wala isipate moto. Halafu unasema, "Sasa ile chachu," unachomoa kichupa mfukoni mwa aproni, unakwenda nacho dirishani, unanyunyizia, unakirudisha. Nikikuuliza ni chachu gani, unacheka: "Chachu ni chachu, Yustina." Mtu mwenye nia njema hujibu hivyo? Dobi alisema ni dawa ya kupendwa na Wazungu. Sikumwamini sana, lakini sikumkatalia. Tena nilijua mtoto wa dada yako anatafuta kazi. Nikaunganisha mambo: siri unamtunzia yeye, aje achukue nafasi yangu. Kuonja sikuonja hata siku moja, maana kwetu kabichi mbichi ni chakula cha sungura.

Hata hospitali, sauti imekwisha, ulinishika mkono: "Usisahau chachu." Nikajiambia, huyu ananicheza shere mpaka mwisho.

Basi walipokuja wageni nilitia chachu ninayoijua mimi, ile ya mkate, vijiko viwili. Dada, saladi ilitoa povu! Mapea yakageuka meusi. Mzungu mmoja alinusa sahani akauliza kama ni pombe. Memsabu akanipa siku tatu.

Nikaenda nyumbani kwako kutafuta kile kichupa, na sikwenda kwa upole. Wifi yako alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Ninyi Wahehe! Kwetu mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Mkwe wake ni mzee Andimile. Kichupani ni maji ya ndimu; hiyo ndimu angeitaja kwa kinywa gani?"

Ndimu. Ndimu za Chimala, ulizokuwa ukikamulia nyumbani kabla hazijakauka. Ulikuwa unanipa neno pekee ulilonalo, kitu kichachu, nami nikalifanya ushahidi dhidi yako.

Bado nakuuliza, kwa nini hukunionyesha hata ganda? Au ulidhani nimeshaelewa zamani? Naona ndivyo. Uliniona mwerevu kuliko nilivyo, na hilo linaniuma. Mwenye shaka nilikuwa mimi tu.

Kazi bado ninayo. Saladi nimeionja pia, kijiko kimoja, nikarudia. Ni tamu, bwana.

Lakini kuna jambo hujui. Siku ya mazishi, watu walipopanga mstari kutupa udongo kaburini, mimi nilishika wangu, nikafumba mkono, nikajitoa pembeni. Nilisema moyoni, amenificha, simziki. Hakuna aliyeona. Nilikwenda kuumwaga barabarani.

Nisamehe, Dada. Pumzika, jiko nitalitunza, na msichana nitakayemfundisha nitamtajia kila kitu kwa jina lake. Kesho baada ya misa nakuja na udongo wangu mkononi. Nakuja kukuzika.

Mdogo wako,
Yustina