Meno ya Watu Yanahamia Winguni

Karakana ya Meno,
S.L.P. 61.
Jumatano, 12 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani, na lile goti linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi huku tunasukuma siku. Mama naye anasema hajambo, kama kawaida yake.

Sasa lile uliloniuliza kwenye simu nikalikwepa. Ni kweli, seva moja kati ya zile mbili zilizotunza kumbukumbu zetu imekufa, na Mama ndiye aliyeiua kwa mapenzi. Unamjua dada yako: televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake. Aliona vumbi la plasta ya kutengenezea meno linazitulia seva kule chumba cha nyuma, akazifunika shuka gubigubi, akaenda zake. Tulipofungua mlango tulipokewa na harufu ya plastiki inayoungua. Fundi mkuu alifunua shuka akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Sikuweza kucheka.

Mjomba, vipimo vya vinywa vya wateja wetu wote vilikuwa vimebaki kwenye mashine moja. Mtu akivunja meno yake ya bandia, humo ndimo tulimokuwa tukipata umbo la kumtengenezea mengine. Hiyo nayo ingekufa, tungeanza kuwaita wazee wa watu waje kupimwa upya, na wengi wangekwenda kwa washindani wetu. Kila umeme ulipokatika, nilikimbilia chumba cha nyuma.

Kwa hiyo nilikubali tuhamie kwenye wingu, yaani tukodi nafasi kwenye mashine za kampuni nyingine, tuzifikie kwa mtandao. Maji nimeshayavulia nguo, lakini nayaogopa. Mtandao ukikatika tutabaki kutazamana. Na wakipandisha kodi tukiwa tumeshaingia, je? Niliwauliza kama siku ya kuondoka tutapewa vyetu vyote. Wakasema ndiyo, nikawaambia waandike kwenye mkataba.

Muuzaji wao anajisifu kwamba wingu halina moshi. Nikamwuliza hizo mashine zao zinakula nini. Akakiri ni umeme mwingi, na maji ya kuzipoza. Basi huenda kuna mji unapungukiwa maji kwa ajili ya meno yetu. Ile seva iliyokufa nayo, mnunuzi wa vyuma chakavu anaitaka, lakini yeye huchoma nyaya nyuma ya nyumba za watu ili apate shaba. Nimeificha chini ya meza yangu mpaka nipate wa kuivunja vizuri.

Kilichonisukuma zaidi ni jenereta. Tulilinunua kwa ajili ya seva na kiyoyozi chake, tukaliweka chini ya dirisha la Mama, na lilikuwa linanguruma kutwa. Mafundi wanaweza kungoja umeme urudi. Seva zilikuwa hazingoji. Jana tulimaliza kuhamisha, nikalizima.

Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa nimesimama uani nafurahia, ndipo nikasikia kikohozi. Kirefu, kikavu, kinakatika na kuanza tena. Nikaingia nikamwuliza Mama kimeanza lini.

"Mbona ni cha siku nyingi, mwanangu," akasema. "Jenereta ndilo lililokuwa linanistiri."

Kesho nampeleka kwa daktari wa kifua. Mjomba, naogopa. Vipimo vya watu wote nimevitafutia pa kukaa salama, na yeye alikuwa nyuma ya ukuta tu, akikohoa nisisikie.

Mpigie simu, wewe hakufichi. Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu, hasa kitindamimba. Mungu akulinde, na atulindie tulio naye.

Mama anakusalimu sana. Ameniambia niandike kwamba hajambo.

Mpwa wako akupendaye,
Mama Meno