Habari Niliyoisoma Mara Mbili

Bi Zuwena,

Shikamoo. Najua hutoniitikia, lakini mkono haukubali kuanza barua yako bila ya shikamoo. Ulinitia adabu mapema, siku ya kwanza tu pale gazetini Malindi, nilipokuwekea karatasi zangu mezani bila ya salamu, ukaniambia, "Mwanangu, mimi si sanduku la posta."

Sisi wanawake hatukukusindikiza makaburini, tulibaki ndani na tasbihi. Labda ndiyo maana mpaka leo nnahisi nna neno sijakwambia. Arubaini yako imeshapita. Acha nikwambie.

Meza yako wameiondoa. Wameweka kochi jeupe la wageni wa tajiri, yule aliyelinunua gazeti letu. Wakumbuka siku tulipoambiwa? Mimi nilinuna, wewe ukacheka. "Mwache anunue karatasi," ukasema, "maneno ni yetu." Ulikuwa umechoka kugombana na mpiga chapa kwa madeni yake, nakuelewa. Lakini ulikosea, Bi Zuwena. Kunradhi, marehemu haambiwi hivi, lakini ulikosea, na mimi ndiye niliyebaki kulibeba kosa lenyewe.

Nilikwenda kusini, kwa wale wanawake wa mwani uliokuwa ukiwaandika zamani. Bi Mize yu mzima, meno hana, ulimi anao. Pwani yao imezungushiwa uzio wa hoteli. Kwenda kwenye vigingi vyao vya mwani sasa lazima wazunguke mbali, na wakifika maji yashaanza kujaa. Hoteli ni ya nani? Ya huyo huyo mwenye kochi jeupe. Niliandika kila kitu. Bi Mize akanihimiza, "Tia jina langu zima, na la baba yangu, wasije wakasema ni mwengine." Nikatia.

Mhariri mpya akaniita, mlango akaufunga. Tajiri alishapiga simu. Baada yake alipiga mkubwa mmoja wa serikalini, kuulizia leseni yetu inakwisha lini, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Nikaambiwa habari yangu itarekebishwa kidogo. Nikanyamaza. Hapo ndipo pa kunilaumu. Nna watoto wawili na mama yangu hajiwezi, lakini nisikudanganye, saa ile sikuwafikiria hata wao. Niliogopa tu.

Kesho yake gazeti likatoka. Kichwa cha habari: "Wanawake wa mwani waishukuru hoteli." Juu pana jina langu. Ndani yumo Bi Mize, jina zima na la baba yake, anasema amefurahi.

Ningejificha, wallahi, kama si ile kawaida yako. Uliwazoesha watu. Gazeti likitoka, ulitia nakala mbili kikapuni ukaenda mpaka kijijini, ukawasomea ukumbini waliotajwa, tangu kichwa cha habari mpaka matangazo ya vyerehani ambayo hakuna aliyekuomba. Akitokea wa kusema "mimi sikusema hivyo," ulimwandika kwa kalamu nyekundu, na toleo lijalo ukajisahihisha. "Habari usiyoweza kumsomea mwenyewe, usiichape." Ulituimbia hilo mpaka tukakuchoka. Basi na Bi Mize alishatandika jamvi. Alinipigia simu mwenyewe. "Twakungoja," akasema, "nshapika muhogo."

Nilikwenda. Walikuwa kumi na kitu, kanga zao bado zimerowa maji ya chumvi. Nikasoma neno kwa neno, sikuruka. Hata pale Bi Mize "alipofurahi" nilipasoma. Nilipomaliza nikalikunja gazeti. Kisha Bi Mize akauliza, "Jina la juu ndilo lako?"

"Naam."

"Na la ndani ndilo langu?"

"Naam, Bi Mize."

Akaisogeza sahani ya muhogo ikawa mbali na mimi. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nikatoa daftari langu nikawasomea ile niliyoiandika mwenyewe. Hii waliisikiliza wameinamisha vichwa. Mmoja akaniuliza itatoka lini. Nikasema haitotoka. Bi Mize akasema, "Basi irudie, taratibu, tuishike." Nikairudia, nao wakaifuatisha nyuma yangu, kipande kwa kipande, mpaka wakaweza kuisema bila yangu. Sahani hakuirudisha.

Nilikulilia njia nzima ya kurudi mjini. Nimekukosa, Bi Zuwena. Nimekosa hata kugombezwa nawe.

Kalamu yako nyekundu ninayo, niliichukua kabla hawajaibeba meza. Leo asubuhi nimefungua jalada la magazeti la ofisi, nikalikata jina langu juu ya habari ile, na pembeni nikaandika: Bi Mize hakusema hivi. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi nikaiweka juu ya kochi jeupe. Hii yako ndiyo ya pili.

Lala salama, mwalimu wangu, Mungu akunurishie kaburi lako. Sina gazeti tena, lakini daftari ninalo na njia za vijiji vyako nazijua. Nitakwenda kuwasomea wenyewe, bamvua hadi bamvua, kila maji makubwa yanapokuja, na kwa Bi Mize nitarudi kila mara, hata nikikaa jamvini na njaa yangu, mpaka siku atakayonisogezea sahani.

Mwanao,
Raya