Madamu, Nimekuna Nazi Isiyokuwepo

Madamu wangu,

Barua ya mpwa wako imenifikia huku Maskati. Kanambia umefariki kwenu Ufaransa, usingizini. Nimelia mpaka macho yamevimba, kisha nikacheka peke yangu, maana nna habari ambayo ungeipigia makofi.

Nimeolewa, mwaka huu wa sabini. Mume mzuri, alhamdulillahi, na Kiswahili anakijua, ila kutwa yuko kazini. Tabu ilikuwa mama mkwe. Hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na Kiarabu changu mimi ni cha chuoni tu, cha kusomea msahafu. Miezi mitatu tunatazamana. Akaniona nna kiburi, akamwambia mwanawe anirudishe Matrah kwa kaka yangu. Mimi nampenda mume wangu, Madamu! Nikasema basi tena, ndoa imekwenda.

Siku ya Idi wanawake walijaa ndani, wa huku na sisi wa Unguja, kahawa na halua. Nikakukumbuka. Ulikuwa mwimbaji Paris, koo likaharibika, ukaigiza michezo ya jukwaani, na sauti ilipokwisha kabisa ukaigiza bila kutamka neno. "Sauti imekwenda zake, mimi nipo," ukininong'oneza kwa Kiswahili chako cha puani, pale Shangani, Unguja, uliponifundisha kuigiza hivyo.

Nikajifunga kanga kiunoni. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi yenyewe haipo. Nikakuna, jasho likanitoka, nikajikata kidole, nikafukuza paka. Wa Unguja hoi kwa kicheko! Nikamtazama mama mkwe: naye anafuta machozi, anacheka.

Kumbe wapi! Mbuzi ya nazi hajaiona maishani. Yeye kaona nimepanda punda mkaidi. Mara akainuka, mtu mzima yule, akakaa nyuma yangu, akavuta hatamu, akampiga punda mateke. Wallahi tulikwenda safari ndefu siku ile, tumekaa pale pale mkekani.

Tulipochoka hakuniachia mkono. Akamwita mwanawe mlangoni, akasema maneno mengi. Mume wangu akanifasiria huku anatabasamu: "Anasema huendi Matrah. Kesho anataka mwendelee na safari."

Umeniachia ndoa yangu, Madamu. Ahsante.

Pumzika sasa, mpenzi wangu. Nakuahidi Kiarabu ntajifunza, inshaallah. Na hata siku ntakayokisema kama maji, sitomwambia kuwa ile ilikuwa nazi.

Mwanafunzi wako,
Salma